Wifi Alivyomtoa Mama Kwenye Grupu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kama hujamwona akikata kitambaa bila kuchora mstari, basi hujaona kitu. Anamwangalia mteja toka shingoni hadi miguuni, anasema "mm-hm", mkasi unaondoka. Mimi nakaa pembeni yake dukani. Kazi yangu ni vifungo, pindo, pasi na maneno. Hayo maneno hakuna aliyeniajiri, najitolea.

Yeye ndiye aliyeanzisha grupu la mafundi kwenye simu. Lilianza na mafundi wa mtaa wetu, likavimba mpaka wakaingia watu ambao hata sura zao hatuzijui. Fundi akikwama na kola anapiga picha, anauliza, anajibiwa. Cherehani ikikataa, kuna fundi suruali mmoja, mpole kama maji ya mtungini, atakueleza ufungue wapi na utie mafuta wapi. Wifi alililea grupu lile kama mtoto. Akaweka sheria: hakuna matusi, hakuna matangazo, hakuna kuicheka kazi ya mwenzako. Ukivunja unaonywa, usiposikia unatolewa. Na alikuwa anatoa kweli! Alimtoa muuza dawa za nguvu, kisha akamtoa kaka yangu, mume wake wa ndoa kabisa, kwa kujaza picha za mpira. Kaka akalalamika wakati wa kula. Wifi akamwambia, "Mezani mimi mkeo, kwenye grupu mimi admini. Kula."

Kisha mama akanunua simu kubwa.

Huyu ni mama yangu mzazi, kwa hiyo kwa wifi ni mama mkwe. Alishona maisha yake yote mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Akaiacha cherehani, akabaki na ulimi, na huo haujawahi kutetemeka hata siku moja. Wifi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye grupu, tena kwa heshima zote: "Huyu ndiye aliyenifundisha kushika sindano." Lo! Tulijipalia makaa wenyewe.

Mtu akiweka picha ya gauni, mama huyo: "Kwapa hilo umemshonea mtu au popo?" Fundi mwingine akaonyesha suti ya bwana harusi, kazi ya jasho, mama akauliza kama bwana harusi ameivaa kwa hiari yake. Na sauti zake! Anarekodi huku anaosha vyombo. Unasikiliza masufuria weee, unasubiri neno, mwishoni anasema, "Nimesahau nilichotaka kusema, nitarudi." Na akisema atarudi, ujue atarudi.

Mafundi wakaanza kumwandikia wifi chemba, nje ya grupu, mmoja mmoja. Hata fundi suruali, yule mpole, akaandika: "Dada, ama yeye ama sisi." Sasa hapo ungefanyaje wewe? Akimwacha, grupu linakufa. Akimtoa, amemfukuza mama mkwe mbele ya kadamnasi, na ndoa anayo, na kaburi la ndoa ni mama mkwe aliyenuna. Wifi akakonda hivi hivi tunamwona. Akamwendea kaka. Kaka akasema, "Mimi si nilishatolewa? Sina maoni," akaendelea kukata kucha.

Nikamwambia, "Mwambie mama usoni, kwani mama ni simba?"

Akanitazama. "Haya, mwambie wewe. Ni mama yako."

Nikakumbuka kuna mashati hayajapigwa pasi.

Basi akatafuta njia ya adabu, ile ya kusema bila kumtaja mtu. Akaandika kwenye grupu: "Ndugu mafundi, yuko mwenzetu mmoja anayewavunja wenzake moyo. Tumemvumilia vya kutosha. Kwa heshima simtaji, mwenyewe anajijua. Wanaokubali atolewe, waweke dole gumba."

Dole la kwanza likaingia kabla wifi hajaweka simu chini. La mama. Na maneno chini yake: "ATOKE. Hata mimi amenichosha. Mtu gani haambiliki?"

Nilicheka mpaka nikajichoma na pasi. Wifi hakucheka hata kidogo. Madole yakamiminika, na kila aliyeweka dole mama alimshukuru: "Ahsante mwanangu, umetenda haki." Na haikuishia hapo. Mchana tukamwona huyo anaingia dukani, kanga begani, simu mkononi, anahema.

"Ni nani? Ni yule wa suruali, eeh? Nilijua tu. Wapole ndio wabaya!"

Wifi akainamia cherehani. "Mama, nilisema simtaji."

"Una huruma mno wewe. Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Bonyeza!"

"Nitabonyeza baadaye, mama."

"Sasa hivi. Nikiwa hapa, nikupe moyo."

Wifi akaniangalia mimi. Mimi nikaiangalia pasi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akashika simu, akafumba macho kama anayekunywa dawa chungu, akabonyeza.

"Umemtoa?"

"Nimemtoa, mama."

"Safi. Mungu akubariki mwanangu." Akaondoka akiimba.

Kesho yake alirudi haimbi. Alinipa simu. "Hebu nisomee, miwani nimeacha nyumbani. Tangu asubuhi naandika, haiendi."

Nikaisoma kimoyomoyo. Nikakohoa. Nikasema labda ni mtandao. Ndipo cherehani ikanyamaza. Wifi alisimama, mikono ameishika mbele kama mtoto wa shule, akasema, "Mama, si mtandao. Aliyetolewa ni wewe. Niliogopa kukuambia."

"Mimi?"

"Wewe, mama."

Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Nilingoja radi. Haikuja.

"Kumbe," akasema. "Nami nilidhani nawafundisha." Akaivuta kanga yake. "Kule nyumbani siku ni ndefu, jamani. Nikiwasema wale, najiona na mimi niko kazini. Sasa nikakae wapi?"

Mwanaye wa kumzaa nipo, na siku zake anazishindaje sikuwahi kumuuliza. Wifi aliondoa marobota ya vitambaa juu ya kiti kilichokuwa kando ya cherehani yake, akakipangusa, akamshika mama mkono, akamkalisha. Mama akaliinamia gauni lililokuwa kwenye cherehani.

"Mkono huo umeuweka kinyumenyume," akasema.

Sasa anakuja kila siku, anawahi kuliko sisi. Grupu lina amani, watu wanaulizana kola na zipu kwa adabu, fundi suruali anatuma maua. Duka letu halina amani yoyote. Wateja wanaambiwa wamenenepa kabla hawajapimwa, na mimi naambiwa pindo zangu zinatembea kama mlevi. Juzi nikashindwa, nikamnong'oneza wifi amrudishe kwenye grupu, tupumue.

Wifi akakata uzi kwa meno. "Kule alisema na watu chungu nzima, hakuna aliyemjibu. Hapa namjibu."

"Unamjibu nani?" mama akafoka. "Shona!"