Vidonge Nilivyoviita vya Presha

Nilipoanza kwenda kliniki ya akili Musoma, niliwaambia watu kwamba naenda kliniki ya presha. Sikukaa chini nikaupanga uongo huo. Jirani yangu wa Bunda alinikuta stendi asubuhi nimevaa shati la kanisani, akaniuliza naelekea wapi. Nikasema hospitali. Akasema, "Presha hiyo, mzee. Umri wetu huu wote tunayo." Nikasema ndiyo. Kuanzia siku hiyo kazi yangu ilikuwa kuitikia tu.

Ningeweza kutibiwa Bunda hapo hapo. Lakini nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimepima pamba ya wakulima wengi wa pale, na baadhi ya wauguzi wa leo ni watoto wao. Sikutaka waite jina langu kwenye foleni ile. Nikachagua Musoma, ambako hakuna aliyenijua isipokuwa kwa namba ya faili.

Kilichonipeleka huko kilianza baada ya mke wangu kufariki. Nilisikia watu wakinizungumzia nyuma ya ukuta wa chumba. Hawakuwa wakali. Walijadili kama wajumbe wa kikao: huyu mzee hajala, huyu mzee hajafunga mlango, huyu mzee anajifanya hasikii. Mara walitumia lugha yetu ya nyumbani, mara Kiswahili. Nilitoka nje mara nyingi kuwatafuta. Nilimgombeza mpangaji wangu kwa maneno aliyonitolea akiwa amesimama mlangoni kwangu, na hata leo nauona uso wake akiyasema. Alilia, akaapa kwamba siku hiyo hakuwa hata nyumbani. Sasa naamini hakuyasema. Nasema naamini, kwa sababu hakika sina, na yeye alishahama.

Kule Musoma tulikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha daktari. Siku yangu ya pili nilikaa karibu na mama mmoja wa Mugango, muuza dagaa, mwenye sauti ya kuita wateja.

"Babu, na wewe presha?" akaniuliza.

"Presha," nikasema.

"Hata mimi nina presha. Mume wangu anajua nina presha, mchungaji anajua nina presha." Akalitazama benchi kutoka mwisho hadi mwisho. "Hili benchi lote ni presha tupu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa kile kitambaa cha mkononi."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Aliuliza taratibu, akisubiri majibu.

"Bado wanaongea, baba?"

"Wanaongea, ila wamesogea mbali kidogo."

"Wakiongea unafanyaje?"

"Nawajibu."

"Usiwajibu. Kwanza angalia kama kuna mtu. Kama humwoni mtu, nyamaza, endelea na shughuli yako. Watazoea kukaa bila majibu."

Lilikuwa agizo jepesi na nililishika. Nilikuwa natazama midomo ya watu kabla ya kuitikia salamu. Wengine waliona nimekuwa na maringo uzeeni. Vidonge nilipewa vya kumeza usiku, na asubuhi viliniacha kitandani mpaka jua limepanda, mdomo mkavu, kichwa kimejaa pamba. Sauti zilipungua kweli. Lakini zamani nilikuwa na hakika na kila nilichosikia, na sasa sikuwa na hakika na chochote. Mtoto akiniita nje, nilikaa kwanza kujiuliza kama kuna mtoto.

Baada ya kliniki sikuwa narudi Bunda siku ileile. Nilishuka Makutano nikachukua pikipiki hadi Butiama kwa dada yangu, nikalala kwake usiku mmoja au miwili. Ni mkubwa wangu, mjane, anaishi na mwanawe ambaye ni fundi pikipiki pale sokoni. Dada anaumwa presha ya kweli, ya miaka. Nilipomwambia kwamba na mimi ninayo, alifurahi namna ambayo ilinitia haya.

"Sasa tuko wawili," alisema. "Nilikuwa naonaga kama nimeachwa peke yangu na huu ugonjwa."

Akaanza kunipikia mboga bila chumvi. Akanishauri nisiinuke haraka kitandani, nisigombane na watu, nisile nyama ya mafuta. Siku moja alimimina vidonge vyangu kiganjani akavilinganisha na vyake. Vyake vyeupe, vyangu vyeupe.

"Ni zilezile," akasema. "Wamekupa kama zangu."

Hapo ndipo ningesema. Mwanawe alikuwa amekaa pale, anakula, nami sikutaka aniangalie jinsi watu wanavyomwangalia mgonjwa wa akili. Nikasema, "Labda."

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine nilikuwa nimelala kwake. Asubuhi kijana alishakwenda kazini. Mimi nilikuwa bado nimezama katika ule usingizi wa dawa, nusu niko, nusu siko. Nikasikia sauti ya dada nyuma ya mlango.

"Mdogo wangu, zangu zimeisha. Nachukua zako, nitakurudishia nikienda kliniki."

Nilifungua macho. Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mtu chumbani. Nikafanya nilivyofundishwa, nikanyamaza. Sauti ikasema tena, "Umesikia?" Nikajifunika shuka. Nakumbuka kwamba nilijisifu kidogo moyoni, kwamba leo nimeweza, hata walipoigiza sauti ya dada yangu sikuwajibu. Kisha nikalala.

Nilipotoka nje, jua lilikuwa kali. Dada alikuwa ameanguka ubavu karibu na rundo la mihogo aliyokuwa anamenya, kisu kikiwa pembeni. Macho yalikuwa nusu wazi. Nilimwita, akasema kitu, lakini ulimi ulikuwa mzito na sikuelewa. Nilipiga kelele, na ninachojua ni kwamba majirani walikuja, kwa hiyo kelele hizo zilikuwa za kweli. Tukampakia kwenye bajaji hadi kituo cha afya. Mwanawe alitukuta pale mikono ikiwa na grisi.

Tabibu, mwanamume wa makamo, alimpima. Presha ilikuwa chini sana.

"Anatumia dawa gani?" akauliza.

"Za presha," kijana akasema. "Ila nadhani zilikuwa zimeisha. Mjomba, zako hazijapungua?"

Nilitoa mfuko wangu wa dawa mfukoni. Niliuokota mezani sebuleni tukiwa tunatoka, bila kufikiri. Ulikuwa umepungua. Nikaelewa pale, nimesimama na mfuko mkononi, kwamba ile sauti ilikuwa ya dada. Aliniambia anachukua, akaniuliza kama nimesikia, na mimi nikamjibu kwa kujifunika shuka.

Tabibu alichukua mfuko. Juu yake palikuwa pameandikwa tu kwamba kimoja kimezwe usiku.

"Na hizi ni za presha?"

Mpwa wangu alikuwa ananitazama. Dada alikuwa kitandani, mdomo wazi, anakoroma.

"Za presha," nikasema.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kukumbuka sababu nyingine zaidi ya aibu, sijaipata. Waliendelea kumtibu kama mtu aliyezidisha dawa ya presha, na mimi nikatoka nje nikasimama penye bomba la maji. Sijui nilisimama hapo muda gani. Kichwani hapakuwa na sauti yoyote, hata moja ya kunielekeza, na kimya hicho kilinitisha. Kisha nikarudi ndani.

"Daktari, zile si za presha. Ni za akili. Nazipata Musoma."

Tabibu aliacha alichokuwa anafanya. Hakunigombeza. "Ungesema palepale, mzee," akasema, akaenda kupiga simu. Mpwa wangu aliinama akaanza kujifuta grisi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Dada alipelekwa Musoma. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika alipoanguka, akafungwa hogo la plasta. Tabibu hakusema kama kuchelewa kwangu kulimdhuru, nami sikuthubutu kuuliza. Siku iliyofuata aliamka vizuri, akataka chai, halafu akataka maelezo. Tulikuwa wawili tu.

"Nilikuambia nachukua. Mbona ulinyamaza?"

"Nilikusikia."

"Ulinisikia ukanyamaza?"

"Sikujua kama ni wewe."

Nikamweleza yote, kuanzia wale wa nyuma ya ukuta hadi agizo la daktari. Alisikiliza macho yakiwa juu kwenye dari.

"Kwa hiyo presha huna."

"Sina."

"Hujawahi kuwa nayo."

"Sijawahi."

"Na ile mboga uliyokuwa unakula ya chapwa?"

"Nilivumilia."

"Mimi sipunguzagi chumvi," akasema. "Nilikuwa natoa yako pembeni kwanza, ndiyo naitia yangu." Akacheka mpaka mguu ukamuuma, kisha akalia, na sikujua analia nini kati ya yote. Nilimshika mkono. Nilijiapiza hapo kwamba sitamdanganya tena.

Jioni ile nilipokuwa natoka, mpwa wangu alinisindikiza hadi kwenye ngazi za wodi. Alizungumza kwa adabu.

"Mjomba, si kwamba nakufukuza. Ila ukija nyumbani uje mchana, usilale. Mimi nashindaga kazini, siwezi kujua nyumbani kuna nini."

Nilikuwa nautazama mdomo wake. Niliona midomo ikitamka. Nikasema sawa, kwa sababu nilimwona ana haki. Kitu kimoja nilitaka kumuuliza, kama anaogopa ugonjwa wangu au amekasirikia uongo wangu, maana la kwanza sina la kufanya na la pili ningeweza kuomba radhi. Sikuuliza.

Dada aliporudishwa Butiama, nilikwenda kumwona. Nilifika asubuhi, tukazungumza vizuri. Mguu wake ulikuwa juu ya kigoda. Saa tisa nikainuka.

"Unaenda wapi?" akauliza. "Jirani anatupikia sato, unaondoka saa hii?"

"Nawahi gari la Bunda."

"Siku zote unalala. Nani amekuambia uondoke?"

Ningeweza kusema hakuna. Lakini nilikuwa nimejiapiza.

"Mwanao," nikasema.

Alinitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kwa makini sana, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho pembeni yangu.

"Alikuambia wapi?"

"Kule hospitali. Kwenye ngazi."

"Mlikuwa na mtu mwingine?"

"Tulikuwa wawili."

"Mdogo wangu," akasema kwa upole ambao hajawahi kunisemesha nao tangu tukiwa watoto, "yule mwanangu unamjua. Hawezi kukuambia hivyo. Hayo ni ya kichwa. Ukienda Musoma uwaambie."

Nilitaka kubishana. Nikaanza kukusanya ushahidi: zile ngazi, jioni ile, shati lake, alivyosema si kwamba nakufukuza. Nilivikumbuka vyote waziwazi. Kisha nikamkumbuka mpangaji wangu, ambaye naye nilimkumbuka waziwazi, amesimama mlangoni. Nikakaa.

Hatukukaa sana kabla ya pikipiki ya mwanawe kuingia uani. Dada hakumngoja hata avue koti.

"Hivi wewe ulimwambia mjomba wako asilale hapa?"

Kijana alisimama na mfuko wa spana mkononi. Aliutazama mguu wa mama yake juu ya kigoda, halafu akatazama sakafu.

"Mimi? Hapana, mama. Nani kasema?"

"Unaona," dada akaniambia.

Nikasema naona. Kijana alisema bila kunitazama, lakini ana tabia hiyo hata anapotoa habari za mvua. Kama alisema yale kwenye ngazi, basi ameyakana mbele ya mama yake ili kunisitiri, au kujisitiri. Kama hakusema, basi mimi nimemsingizia mtoto wa dada yangu maneno mabaya baada ya kumwangusha mama yake. Nimeyageuza mara nyingi na kila upande unasimama vizuri.

"Karibu ulale, mjomba," akasema. Alichukua begi langu akalipeleka ndani. Aliporudi aliniomba vidonge vyangu, nikampa, akaviweka juu ya kabati mahali ambapo mama yake hafiki.

Samaki akaletwa. Kijana alileta jagi na beseni akaanza na mimi, kama inavyotakiwa, akapiga goti moja na kuninawisha. Maji yalikuwa ya moto kuliko yanavyofaa. Nilivumilia mpaka akamaliza kumimina, maana sikujua kama amefanya makusudi.