Deni la Kidonge cha Chini ya Ulimi

Siku hiyo tulikuwapo sita: bibi yetu, aliyetulea tangu wazazi wetu wafariki, wadogo zangu wawili, mimi mkubwa wao, niliyeacha shule darasa la sita ili wao wasome, mzee jirani, na baadaye, kituoni, muuguzi.

Bibi ana ugonjwa wa moyo, na alipewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Muuguzi alimwambia visitolewe kwenye chupa yao ya kahawia na kifuniko kikazwe, maana hewa na jua huviua. Bibi aliipenda sana chupa ile. Akaitia wanja wake wa macho, vidonge akavifunga kwenye pindo la kanga, anakofunga kila cha thamani. Nilipomkumbusha, alisema muuguzi ni mtoto wa juzi, nami sikusoma hata kiasi cha kumtetea huyo muuguzi.

Asubuhi hiyo kifua kilimbana akigeuza karafuu uani. Tulimkalisha, akaweka kidonge cha pindoni. Tukangoja. Hakikufanya kitu; kilikwisha kuwa chokaa. Jasho lilimtoka, na mdogo wangu wa mwisho akaanza kulia. Nikaona tunafiwa mara ya tatu.

Hapo mzee jirani akaruka ua na chupa yake. Naye ni mgonjwa wa moyo, na walikuwa hawasemezani na bibi ila kwa matusi tangu mbuzi wake alale juu ya jamvi letu la karafuu.

"Fumbua kinywa, Bi. Utanitukana ukishapona."

Bibi akafumbua. Kwa mara ya kwanza alikaa uso kwa uso na adui yake bila kusema neno, kwa kuwa kidonge kile hakimezwi. Maumivu yakalegea, tukamkimbiza kituoni.

Huko alilalamika kichwa kinamgonga, akasema ndivyo vilivyo vidonge vya mtu mchoyo. Muuguzi akamjibu kwamba dawa hiyo huumiza kichwa hata ikitoka kwa mkarimu. Kisha akatugeukia sote: kidonge si chumvi ya kuazimana, presha ingemshuka, tungemletea maiti. Akampa bibi chupa mpya, nami akanitaka nimwahidi kwamba hakitatoka hata kimoja kwenda kwa mtu.

Bibi alitaka kumlipa mzee kidonge chake siku ile ile. Nikakataa. Tukampelekea mzee mkungu wa ndizi, akaurudisha. Sasa kila asubuhi husimama penye ua:

"Bi, kidonge changu?"

"Muulize huyu aliyekificha."

Chupa naiweka mimi, kifuniko kimekazwa. Deni lipo.