Nilimtafsiria Mume Wangu Uongo Juu ya Barafu

Kosa ni langu. Nalitanguliza hilo kabisa, maana najua wapo watakaosoma hapa na kusema mume ndiye mbaya. Mume ni mbaya kweli, tena sana, na sijamsamehe. Lakini kilichonitoa kwenye nyumba yangu ni ulimi wangu mwenyewe, na huo ndio mzigo ninaokuja kuutua kwenu, nyie msionijua.

Mimi ni mwanamke wa Kariakoo. Mimi na mume wangu, nimwite Baba Nasra kwa jina la binti yetu, tulikuwa na duka la mapazia na mazulia. Yeye ni wa ukoo wa Kiarabu, wana maduka tangu enzi za babu yao. Mimi wazazi wangu walitoka Lindi, nikakulia Magomeni nikiuza barafu za ubuyu mlangoni kwa mama. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mpaka leo hanitaji kwa jina. Anasema "yule muuza barafu".

Duka lile tulilisimamisha wote wawili. Yeye alijua watu, mimi nilijua vitambaa. Na kwa kuwa Kiingereza kilimpita kushoto, mimi ndiye niliyeenda kusoma darasa la jioni ili niongee na wenye viwanda. Simu yoyote ya nje ikipigwa, ananipa mimi kisha anakaa pembeni akiuliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Alizoea kuniamini kwa hilo bila kufikiri.

Basi siku moja nikaenda Buguruni na fundi wetu kumfungia mteja mapazia. Tunatoka, nikaona kwenye dirisha la nyumba ya jirani limening'inia pazia la zambarau lenye maua ya dhahabu. Nikasimama kuliangalia.

Pazia lile nililijua. Kitambaa chake kilikuja kipande kimoja tu, nikakipenda, nikakishona mwenyewe kwa ajili ya chumba chetu cha kulala. Nilikosea hata upindo wa chini, ukaenda upande. Siku ya kulitundika Baba Nasra akaniambia lililoweshwa na mvua stoo, likaota ukungu, amelitupa. Na upindo ule uliokwenda upande ulikuwa pale pale, naukodolea macho.

Nikapiga hodi. Akatoka binti mdogo, mzuri, tumbo liko mbele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimelipenda pazia lako. Umelipata wapi?"

"Mume wangu kaniletea, ana duka Kariakoo," akasema, akacheka kwa haya. "Pita ndani dada, jua kali hilo."

Nikapita. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi. Baba Nasra amevaa kanzu niliyoipiga pasi mimi, siku aliyosema anaenda mazikoni Tanga. Nikamuuliza yule binti kama mumewe hana mke mwingine. Akasema alikuwa naye zamani, waliachana. Akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa, nikashukuru, nikaaga.

Sikumwambia mtu. Nilipika, niliuza, nilicheka na wateja. Dini imemruhusu mke wa pili, hilo nalijua, na angeniambia ningelia, ningegomba, mwisho ningenyamaza. Lakini kuniibia pazia langu akampambia mwenzangu, na mimi mzima kunitangaza mtalaka? Nikasema moyoni, huyu nitamlipa, na nitamlipia mahali ambapo hana pa kukimbilia.

Mungu si Athumani, mahali penyewe pakaja. Kampuni inayotuuzia mazulia ya sufu iliwaita mawakala wake New Zealand kwenye mkutano, kila mmoja na mwenzi wake. Baada ya mkutano wakatupa zawadi: kupandishwa helikopta mpaka juu ya mto wa barafu. Ni mto hasa, ila umeganda, unashuka mlimani taratibu kuliko jicho linavyoweza kuona. Unashushwa juu yake na mwongozaji, unatembea, kisha unafuatwa kurudishwa.

Kabla ya kupanda wanakupima uzito mmoja mmoja. Baba Nasra alisimama kwenye mzani amenuna.

"Kwani sisi magunia ya mchele?" akaninong'oneza.

Nikacheka. Namchukia, na bado alikuwa ananichekesha. Hata hilo lilinitia hasira.

Helikopta ikapanda juu ya msitu, mara msitu ukakatika, kukawa kweupe mpaka macho yanauma. Tukashushwa. Wakatufunga chini ya viatu vyuma vyenye meno, ili tusiteleze. Nimeuza barafu utoto wangu wote, sikujua kama Mungu naye anayo yake ya namna ile. Kuna mahali ilikuwa ya buluu kabisa, na kwenye nyufa zake ukichungulia huoni mwisho. Baba Nasra alichungulia mara moja tu. Barakashia yake ilikuwa chini ya kofia ya koti, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

Mwongozaji wetu alikuwa mama mwenye mvi, ana shoka la kuchongea ngazi. Alitutangulia, akisha kuchonga anageuka kutuangalia kwa upole. Akatuambia barafu ile ni nene mno, wanatembea pale kila siku, tukanyage alipokanyaga yeye na hatutadhurika.

"Anasemaje?" Baba Nasra akauliza.

Wallahi sikuwa nimepanga. Lilinitoka lenyewe.

"Anasema chini yetu ni tupu."

Akasimama. "Tupu vipi?"

"Tupu. Tunatembea juu ya kigae."

Jamani, raha niliyoisikia! Mwanaume anayetembea Kariakoo wachukuzi wakimpisha njia, sasa ananyanyua mguu mmoja, anausikiliza, ndipo anyanyue wa pili. Amenishika mkono wa koti kama mtoto. Na mimi nikaendelea kumwongezea. Mwongozaji akisema tunywe maji yanayotiririka pale, ni masafi, mimi nasema anasema tusiongee kwa sauti. Akisema tuangalie ndege kule, mimi nasema anatuonyesha alipozama mtu.

Tukafika uwanda mdogo. Mara barafu ikalia huko chini, mlio mzito wa kama kontena linaloburutwa. Yule mama akatabasamu, akasema ni kawaida, barafu inajinyoosha, na hapa ndipo pazuri kwa picha. Nikatoa simu, nikaanza kurekodi.

"Anasemaje, Mama Nasra? Ule mlio wa nini?"

"Anasema mlima unauliza."

"Unauliza nini?"

"Wenyeji wa huku hawavuki hapa na uongo moyoni. Barafu ikimsikia muongo, inafunguka."

Hakuna mwenyeji aliyesema hivyo, nawaomba radhi. Nilitunga pale pale.

"Mimi nina uongo gani?" akasema.

"Unaujua wewe. Una mke mwingine, Baba Nasra?"

Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka apige magoti juu ya barafu ile, alie, aniombe radhi, na mimi nimwangalie tu nisimjibu. Ndiyo malipo niliyoyangoja tangu Buguruni. Barafu ikalia tena, akanikumbatia mkono kwa nguvu.

"Mama Nasra nishike, nishike naanguka! Wallahi sina! Kama nina mke mwingine, basi wewe si mke wangu, umeachika!"

Nikaacha kurekodi. Kwa msioijua dini yetu, talaka ikishatundikwa kwenye sharti, na sharti likawepo, talaka imepita. Ndivyo nilivyofundishwa madrasa. Na sharti lilikuwepo, Buguruni, lina tumbo la miezi. Yeye aliapa uongo akidhani anajiokoa, na mimi niliyemsukuma nilikuwa nimesimama ng'ambo ya bahari nikiwa mtalaka, meno ya chuma miguuni.

Mwongozaji akauliza kama mume wangu anasikia baridi. Nikamwambia hapana, anasali.

Siku zilizobaki nilimwambia nina mafua, nikalala kwenye kochi. Tulipofika nyumbani nikamkalisha sebuleni. Nikamwambia nilishafika Buguruni, nilishakunywa maji ya mke mwenzangu, na pazia langu nililiona.

Alikaa chini sakafuni. Hakubisha. Akasema, "Mama Nasra, sikutaka kukuacha. Ile nilisema kwa woga, nilitaka uniamini tu. Twende kwa sheikh, tulitengeneze hili."

Mliosoma mpaka hapa mnaona wenyewe. Nilikuwa nimeshinda.

Tukaenda kwa sheikh wa msikiti wa mtaani, mzee mtaratibu. Alikuja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na wifi naye akajileta. Tukakaa mkekani, ikaletwa kahawa. Sheikh akasikiliza yote, akamgeukia Baba Nasra.

"Maneno hayo uliyasema?"

"Niliyasema, sheikh."

"Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, usiwe na haraka. Wanazuoni wametofautiana kwa jambo hili, lakini mimi naitazama nia. Ulipoyatamka, ulikusudia kumwacha mkeo, au ulitaka tu akuamini? Kama ulitaka akuamini, una kafara ya kiapo, na mkeo ni mkeo."

Mlango uliachwa wazi kabisa. Hata wifi alikuwa anaangalia mkeka. Baba Nasra alinitazama, macho mekundu, na jibu niliona liko mdomoni, ndilo lile lile aliloniambia sebuleni.

Lakini roho ikaniambia, huyu anatoka kirahisi hivi? Aseme maneno mawili, anywe kahawa, arudi nyumbani?

"Sheikh, kabla hajajibu," nikasema, "mwone kwanza alivyoapa."

Nikatoa simu, nikaiweka katikati ya mkeka. Mume wangu huyo na koti kubwa, magoti yanapishana. Mama Nasra nishike, nishike naanguka. Nikawaeleza na yale aliyoyasema mwongozaji kwa kweli, na yale niliyoyatafsiri mimi. Kwamba barafu ilikuwa nene kuliko jengo, na mama wa watu alikuwa anatuambia tupige picha.

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka. Wifi, ambaye tangu niolewe hajawahi kucheka na mimi, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Sheikh aliinamisha uso, lakini mabega yalimtikisika. Na mimi nikacheka kuwashinda wote. Nikairudisha video mwanzo.

Baba Nasra alingoja. Alikitua kikombe chake taratibu, akangoja mpaka kicheko kikatuishia.

"Sheikh, uliniuliza nia yangu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nilikusudia."

Sheikh akamwambia afikiri tena. Shemeji akamshika goti, akamwambia, "Mdogo wangu, acha hasira." Baba Nasra akasema, "Nimefikiri. Nilikusudia kumwacha." Hakuna aliyemwamini pale. Niliujua uongo wake kama nilivyoujua ule wa kwanza. Lakini nia iko moyoni mwa mwenyewe, na sheikh hawezi kuingia humo. Akasema basi, imepita talaka moja, na kabla eda, ile miezi kama mitatu ya kungoja, haijaisha, mume ana haki ya kunirejea.

Eda nilikaa nyumbani kwangu, chumba cha Nasra. Talaka ni moja, kunirejea ni neno tu, siku yoyote, hata mlangoni akivaa viatu. Nililingoja lile neno. Nilimpikia samaki wa nazi anaowapenda, nikajifukiza udi. Kila asubuhi ananiambia, "Umeamkaje, Mama Nasra?" Namjibu, "Salama." Anaenda dukani. Eda ikaisha hivyo hivyo, kwa salamu, na adabu zake zote.

Nimerudi Magomeni kwa mama. Yule binti amejifungua, amehamia nyumbani kwangu. Nasra akija kunitembelea hanisimulii mengi, ila siku moja ilimponyoka kauli kwamba chumba cha baba kina pazia jipya, la zambarau. Upindo wake umeenda upande, mama, akaniambia, ungewashonea vizuri. Nikamwambia nitaona.

Sina cha kumlaumu yule binti. Mume namlaumu mchana na usiku. Video ninayo bado, na siku nyingine kidole kinaniwasha niisambaze Kariakoo nzima, kila mchukuzi aione. Mama ndiye ananizuia. Ananiambia, ulishawaonyesha watu watatu, ikakutosha.

Kwa hiyo ninyi dada zangu, na kaka zangu pia, sitawaambia msilipize. Nitakuwa mnafiki. Ukiumizwa, lipiza kama roho inakutuma. Lakini ukishamwona mtu amekaa chini mbele yako, anatafuta neno la kukurudisha nyumbani, mwache alitafute. Usimcheke.