Anayekukaribisha Huonja Kwanza

Juzi, kwenye baa moja ya Tunduma, mhudumu alifungua bia mbele ya mteja ili aone kwamba haijachezewa. Nikakumbuka kilabu cha pombe ya komoni kule Igamba, harufu yake ya kimea na moshi, na nguruwe akichemka kwa mafuta yake mwenyewe kwenye kikaango.

Baba alikuwa akinipeleka huko kula nyama. Siku moja aliyetukaribisha alikuwa baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata. Desturi yetu ni kwamba anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ndipo akupe kikombe. Mimi nilidhani ule ni uroho wa watu wazima. Kwa hiyo baba mdogo alipompa baba kikombe bila kuonja, nilifurahi kwamba leo ana adabu.

Watu kwenye mabenchi waliweka vikombe vyao chini.

“Kunywa, kaka. Au unaniogopa?”

Baba hakutaka kumwaibisha nduguye mbele za watu. Akanywa chote, kisha akanichagulia mnofu.

Tulimzika wiki ile ile. Baba mdogo alisema alisahau tu kuonja, na hadi leo anasema hivyo hivyo. Sasa amezeeka, namuuguza mimi. Uji wake haugusi mpaka niuonje kwanza.