Barua ya Baba Kwenye Kompyuta

Harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya mashine hunirudisha Konde, kwenye kompyuta ya Baba. Ilikuwa nzito, ikinguruma sana kabla ya kuwaka, na umeme ukikatika ilisahau kila kisichohifadhiwa.

Alasiri moja, baada ya uchaguzi wa vyama vingi, jirani alikuja mbio. "Mwalimu, waja kukuchukua. Toka sasa hivi!" Baba alikuwa akituandikia barua. Aliiacha kwenye kioo cha kompyuta, akatokea mlango wa uani, akaingia mikarafuuni.

Mama alijua kusoma herufi za Kiarabu tu. "Nsomee, mwanangu."

"Mke wangu na wanangu," nilianza, nikifuata kwa kidole. "Nikishaondoka..."

Neno lililofuata nililiona: msinisubiri. Kabla sijalitamka, umeme ukakatika.

Siku ya tatu umeme ulirudi. Mashine ikanguruma, ikatuuliza tarehe, kama ilivyozoea. Barua haikuwamo. Mama aliyaona yale maandishi ya kuuliza tarehe, akadhani ndiyo barua.

"Yasemaje?"

"Yasema atarudi," nikamjibu.

Akaniamini. Tangu jioni ile, kila akipakua, Mama alimbakishia Baba chakula.