Karatasi Niliyoichana Mwenyewe

Nimeishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Waliofika chuo kikuu nimewahamisha nyumba kwa lori langu, wenyewe na makochi yao ya mkopo. Nilianza maisha Kigoma nikiziba pancha za malori yaliyopeleka chakula kambini kwa wakimbizi wa Burundi. Kambi ikanipa mke, mke akapewa nafasi ya kuja Australia, nami nikaja naye kama mzigo wa mkononi. Nilipotua Sydney nilijua maneno ya Kiingereza kama ishirini, na nusu yake hayasemeki kanisani. Baada ya miaka michache nilikuwa na kichwa cha lori changu mwenyewe, jina langu limeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu, navuta makontena kutoka Port Botany hadi maghala ya Minto. Katika watu tuliokuja nao, nani mwingine? Wapo wenye vyeti vitatu wanaosukuma mikokoteni ya supamaketi mpaka leo.

Mwaka ninaousimulia, kampuni moja ya maghala iliniahidi kazi ya kudumu. Sharti lao lilikuwa moja: kufikia tarehe mosi ya mwezi wa pili kutoka pale, niwe na malori mawili. Nikikosa, kazi anapewa mwingine. La pili nilishaliona, nimelizunguka mara tatu, nimelisikiliza injini. Lilibaki suala la mkopo. Nikavaa shati la kola nikaenda kwa wakopeshaji. Bwana mmoja mwenye tai ya picha za samaki akabonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena.

"Una hukumu ya mahakama," akasema.

"Ile nililipa."

"Ndiyo, imeandikwa hapa kwamba imelipwa. Lakini ipo. Itakaa miaka mitano tangu ilipotolewa."

"Kama imelipwa inakaa kufanya nini?"

Akainua mabega. Analipwa mshahara kuinua mabega, yule. Kwetu tunasema dawa ya deni kulipa. Huku unameza dawa, unapona, unatembea, na bado wanakuandika mgonjwa, tena kwenye daftari ambalo kila mkopeshaji analichungulia isipokuwa wewe.

Hukumu yenyewe ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma nilichukua matairi manne kwa mkopo kwa mzee mmoja wa Kivietnam, mwenye duka la matairi Cabramatta. Wiki ya tatu moja likapasuka barabarani, nina kontena la vigae mgongoni. Nikamwambia silipi hata senti. Akaandika barua, nikaiweka juu ya friji. Akaandika nyingine, juu ya friji. Ikaja samansi ya mahakama, nayo nikaipandisha huko huko. Kwa akili yangu, mtu anayekudai huja mlangoni, mkagombana, majirani wakaamua. Anayetuma bahasha nilimhesabu mwoga. Basi mahakama ikaamua bila mimi, na karatasi ya hukumu nayo ikapanda juu ya friji.

Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na kusoma amenizidi. Siku alipopanda kiti kufuta vumbi ndipo alipozikuta.

"Baba watoto, umeshtakiwa, umehukumiwa, na kesi imekwisha. Ulikuwa wapi?"

"Kazini," nikamwambia. "Wengine tunafanya kazi."

Jumamosi iliyofuata nikaenda Cabramatta na fedha taslimu, duka limejaa madereva. Nikalipa deni lote na gharama za mahakama juu yake. Mzee akaandika risiti, akanipa. Sasa kwetu deni likiisha, hati huchanwa mbele ya mashahidi, na mwenye kudai ndiye anayeichana, ili kila mtu ajue limekufa. Nikamngoja achane. Akawa anafunga kifuniko cha kalamu. Basi nikachana mwenyewe, hukumu na risiti pamoja, vipande vinne, kisha vinane, nikavimwaga juu ya kaunta yake. Nikatangaza kwa Kiingereza changu, kila dereva asikie, kwamba huyu ni mwizi anauza matairi mabovu. Nikatoka kama bwana harusi.

Ndiyo hiyo sasa ilinirudi.

Nilipotoka kwa yule wa tai ya samaki nilifanya kosa la pili, nikaenda kwa msomi. Mtu wa kwetu, ana shahada mbili ukutani na ofisi juu ya saluni ya kusuka. Anajiita mshauri wa mikopo. Ukimwita ndugu anakutazama kama umemkanyaga. Alichukua ada yake kwanza, halafu akaandikia kampuni inayotunza kumbukumbu hizo barua ya kurasa tatu, imejaa maneno ya sheria kama pilau yenye iliki kupita kiasi. Wiki mbili zikapita. Jibu likaja na mistari minne: taarifa ni sahihi, hukumu ilitolewa, imelipwa, itabaki.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa tunakata rufaa kwa barua kali zaidi," akasema. "Ada yake ni tofauti kidogo."

Nilimwambia alichopaswa kufanyia ile kalamu yake. Sitakiandika hapa.

Nikaenda mahakamani mwenyewe, na buti zangu za kazi. Dirishani alikaa mama mmoja wa makamo anayekula karoti. Alinieleza kwa dakika tatu jambo ambalo shahada mbili zilishindwa kwa siku kumi na nne. Wale wa kumbukumbu wanaandika kile mahakama ilichoamua, kwa hiyo kuwapigia kelele ni bure. Kinachotakiwa ni mahakama yenyewe iitengue ile hukumu, na njia nyepesi ni aliyenishtaki akubali kwa maandishi. Akanisukumia fomu.

"Yeye asaini hapa, wewe hapa. Uambatishe risiti kuonyesha umelipa. Ukileta mapema wiki ijayo, utaiwahi tarehe yako."

Nikamshukuru. Nikakaa ndani ya gari na ile fomu mapajani. Risiti nilikuwa nimeichana, na saini ilikuwa ya mtu niliyemwita mwizi.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba bora nikose lori. Hakunibembeleza, hana tabia hiyo.

"Sawa," akasema. "Yule dereva Mkongo wa kanisani ana malori mawili tayari. Kazi wampe yeye."

Yule Mkongo hawezi hata kurudisha tela nyuma bila kuita mtu wa kumwelekeza. Kesho yake, Alhamisi, nikaenda Cabramatta.

Mzee alikuwa peke yake, fulana nyeupe, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Alinitambua kabla sijafunga mlango. Nikaweka fomu kaunta, nikamweleza. Akaisoma yote bila haraka, na nyuma yake pia, ambako hakukuwa na kitu.

"Risiti unayo?"

"Ilipotea."

"Haikupotea," akasema. "Uliichana hapa. Mimi ndiye niliyefagia."

Akafungua droo, akatoa kitabu cha risiti cha zamani, akafunua mpaka kwenye nakala ya kaboni. Jina langu lilikuwepo, na kiasi chote. Aliweka kidole juu yake, halafu akakifunga kitabu.

"Saini siyo shida," akasema. "Wewe siku ile ulisema kwa sauti kubwa. Jumamosi, saa nne asubuhi, njoo useme tena. Sauti ile ile. Lakini mara hii useme ukweli kuhusu tairi."

"Ukweli gani?"

"Uliniambia siku unanunua kwamba ulikuwa fundi wa pancha Afrika. Ulijisifu nusu saa. Fundi anajua."

Hapo ndipo aliponikamata. Kwa sababu nilijua. Nilijua tangu siku lilipopasuka, nilipochuchumaa kando ya barabara nikalishika. Ubavu umeungua kwa ndani, mpira umesagika unga mweusi. Tairi bovu halifi hivyo. Hivyo hufa tairi zima lililokimbizwa na mzigo huku upepo hautoshi, na mwenye kupima upepo asubuhi ile nilikuwa mimi, na sikupima, nilikuwa nachelewa bandarini. Miaka miwili nilikuwa nimekaa juu ya jambo hilo. Mke wangu mwenyewe hakulijua.

Jumamosi nikafika saa nne kasoro. Madereva walikuwa saba au wanane, wawili Waafrika, na mmoja wao, nani kama si yule Mkongo. Mzee alivaa miwani yake kabisa, kama mtu anayekwenda kutazama mpira.

Nikasema. Nikasema kwamba miaka miwili iliyopita nilimwita huyu mzee mwizi, na si mwizi. Kwamba tairi lilikuwa zima, na nililiua mimi kwa kuendesha bila kupima upepo. Kiingereza changu ni kibovu lakini sauti ninayo, mpaka mashine ya nyuma ilizimwa ili wasikie. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kucheka, isipokuwa Mkongo aliyekohoa kwa Kifaransa.

"Bwana mkubwa," akaniambia kwa Kiswahili chake, "hata weye unasahauka upepo?"

"Hata mimi," nikamjibu. "Na bado siitiwi mtu wa kunirudisha nyuma."

Hapo ndipo walipocheka, akiwemo mzee ambaye hakuelewa neno. Akasaini. Akapiga mhuri wa duka. Akanipa fotokopi ya ile nakala ya kaboni, tayari alikuwa ameshaitoa, yaani alijua nitakuja. Nikanyoosha mkono, akautazama kidogo, akaushika. Kisha akaelekeza kidevu dirishani, kwenye gari langu dogo lililoegeshwa nje.

"Mbele kushoto," akasema. "Upepo mdogo."

Nilisimama kituo cha mafuta cha kwanza nikapima. Ulikuwa mdogo. Sijamwambia mpaka leo.

Jumatatu nikampelekea mama wa karoti fomu. Hukumu ikatenguliwa bila mtu kuniuliza swali, nikaituma amri ile kwa watunza kumbukumbu, na siku nne kabla ya tarehe mosi barua yao ikafika. Mke wangu akaisoma akiwa amesimama, bado na sare ya kazini.

"Wanasema wamefuta. Wanasema hawana kitu chochote kibaya juu yako."

"Rudia."

Akarudia. Watu wanaotunza madaftari ya nchi nzima, na juu yangu hawana kitu. Mkopo ukapita, na lori la pili nikalichukua Ijumaa, kabla ya tarehe mosi, jina mlangoni, herufi kubwa zaidi ya zile za kwanza.

Ile barua nilitaka kuiweka mahali pa heshima. Mke wangu akasema niweke popote ninapotaka, isipokuwa juu ya friji.