Darubini Kubwa ya Telesphor

Kwa miaka kumi na moja Cletus hakuwahi kumpa Telesphor shikamoo. Telesphor alikuwa Mpimbwe wa Usevya, Cletus Mnyamwezi wa Ugalla, mdogo kwake kwa miaka ishirini na ushee. Lakini katika kambi ile ya wageni wawindaji walikuwa wameshachaguana kuwa watani, na mtani haamkiwi, anatukanwa. "Wee mzee wa mlenda, umeamka? Nilijua umekufa, nimeshaanza kugawa nguo zako!" Telesphor naye angejibu kwamba nguo za mtu mzima hazimtoshi mlamba asali wa Ugalla. Siku ilianza hivyo, na ikianza vinginevyo watu waliuliza kulikoni.

Kazi ya Telesphor ilikuwa macho. Wengine walifuata nyayo, wengine walichuna ngozi. Yeye alipanda juu ya kichuguu, akaitazama mbuga ya Rukwa hadi inapogusana na mbingu, akasema: pale kuna pofu wanne, dume ni yule wa nyuma. Na kilichoruhusiwa kupigwa ni dume tu. Kwa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, hilo si jambo dogo, maana jike naye ana pembe, tena mara nyingi ndefu kuliko za dume. Dume unamjua kwa unene wa pembe na lile shungi jeusi la nywele usoni. Telesphor alikuwa hajakosea hata siku moja. Kwa macho hayo alijenga nyumba ya bati, na kwa macho hayo hayo watu wakubwa walinyamaza aliposema.

Msimu wa mwaka tisini na sita, Gaudensi, msimamizi wa kambi, alileta darubini tatu mpya akazipanga mezani.

"Mzee Telesphor, wewe ndiye macho yetu," akasema. "Chagua ya kwako kwanza, nyie wengine mtangoja."

Akapanda nazo kichuguuni. Ile ndogo, ya kukuza mara nane, ilimwonyesha mbuga yenye ukungu. Ya kati nayo, ukungu. Akafuta vioo kwa pindo la shati, akafuta tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, kiangazi, angani hakuna hata wingu, na alijua ukungu ule hauko kwenye vioo. Ulimwanza mwaka uliopita, jicho la kulia, na hakumwambia mtu, hata mkewe Katarina. Akainua ile kubwa, ya mara kumi na tano, nzito kama tofali. Ukungu ulikuwepo, ila ndani yake wanyama walikuwa wakubwa. Akaing'ang'ania.

"Hiyo inataka miguu ya kusimamia," Cletus akamwambia, safari hii bila utani. "Ukiishika kwa mikono inatetemeka. Na kweupe kama huku, jua likipanda, inakuza mpaka mvuke wa joto. Chukua ndogo."

"Sema unaitaka wewe," Telesphor akamjibu, na watu wakacheka.

Wiki ya pili, saa sita mchana, wakiwa na mgeni mmoja, walikuta pofu watatu mbali, pale risasi inapofika kwa shida. Telesphor akainua darubini yake, mbuga nzima ikacheza. Aliona pembe ndefu. Akatafuta shungi, akaona weusi fulani, pengine nywele, pengine kivuli. Angeweza kusema sijaona vizuri. Kila mtu kambini alishawahi kusema hivyo isipokuwa yeye, na aliogopa kwamba akisema mara moja tu watajua yote.

"Dume," akasema. "Wa kulia."

Cletus alikuwa ameshika ile ndogo. "Dume gani? Huyo ana mimba, wee kipofu wa mlenda!"

Wakacheka chinichini, maana walikuwa wamezoea. Cletus akamshika Gaudensi mkono, "Bosi, kweli tena," lakini mgeni alikuwa ameshafyatua.

Walipofika, Telesphor alipiga magoti akaweka kiganja juu ya tumbo la yule mnyama. Ndani, kitu kilisukuma mara mbili, kisha kikatulia. Alilia pale pale, mbele ya mgeni na mbele ya vijana, wala hakufunika uso. Jioni aliirudisha darubini mezani kwa Gaudensi, akasema macho yameisha, na kesho yake gari likampeleka Usevya na godoro lake.

Mpunga ulipokomaa, Katarina alimweka shambani juu ya dungu, jukwaa la miti, afukuze ndege. Aliwasikia wakitua, hakuwaona. Alirusha mabonge ya udongo kule kulikokuwa na kelele.

Mwezi wa tano Cletus alikuja kumtazama. Telesphor alizijua hatua zake tangu mbali, akafurahi kama mtoto. Akaandaa tusi zuri, la nyuki na mzinga, akalishika mdomoni akingoja aanzwe yeye kwanza.

Cletus alifika chini ya dungu. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Telesphor akalimeza lile tusi. Ndege walikuwa wakila mpunga.

"Marahaba," akajibu.